Daftari la Depo, Barabara ya Ituri

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Malori yameingia saa kumi na moja jioni, kumi na manne kwa mpigo, tope jekundu limeyafunika hadi kwenye vioo. Wiki iliyopita yote tulikuwa tunakodolea macho barabara tupu. Patroni akapiga simu kutoka Butembo: saruji imefika? Nikamjibu imefika, ila haina pa kulala. Akacheka. Kwake lori likishaingia getini, kufuli linafungwa na maneno yamekwisha.

Depo yetu hapa Kabondo, Kisangani, inameza malori mawili. La tatu likibanwa sana linaingia, lakini mkia unabaki nje. Yanayosalia yanajipanga kando ya barabara kuelekea upande wa uwanja wa ndege wa Bangboka, magurudumu ya kushoto juu ya lami, ya kulia ukingoni mwa mtaro.

Watu wa mtaa wanadhani tunakuja kundi zima makusudi. Wangejua! Kati ya Beni na Komanda gari haliendi peke yake, linangoja msafara wa wanajeshi, na msafara wenyewe si hirizi: Septemba 2021 ulivamiwa kwenye barabara hiyohiyo na magari yakachomwa moto. Ukivuka hapo kuna hifadhi ya okapi ya Epulu, ambako usiku geti hufungwa. Ukivuka na hapo, mvua inanyesha, na bariyeri ya mvua inashushwa ili magurudumu yasichimbe barabara iliyolowa. Kila mahali lori la juzi linakutana na la jana na la leo, kisha yote yanaachiwa pamoja. Zaidi ya kilomita 700 kutoka Beni hadi hapa, na mzigo wa wiki nzima unatua mlangoni pangu jioni moja, wakati jua linazama.

Jumanne, 8 Oktoba

Usiku wameiba mazuti kwenye lori la mwisho kwenye mstari.

Konvwayeri wake, yaani msaidizi wa shofere, ni kijana mwembamba wa Oicha mwenye utaratibu wake wa kulala, nao nimeutazama jana kwa makini. Kwanza alisukumia vipande viwili vya gogo nyuma ya magurudumu. Halafu akafunga kipande cha turubai kuukuu chini ya lori, ncha moja kwenye ekseli, nyingine kwenye chuma cha tairi la akiba, akaingia humo akalala chali, pua yake shubiri moja kutoka kwenye chuma. Mwisho akatoa uzi wa nailoni mfukoni. Ncha ya kwanza akaifunga kwenye kifuniko cha tangi, ya pili kwenye kidole gumba cha mguu. Anayefungua tangi lazima amwamshe.

Wezi hawakugusa kifuniko. Walikata mpira chini ya tangi, wakakinga madumu yao, wakaondoka. Asubuhi uzi ulikuwa bado umekaza kwenye kidole.

Shofere hakumpiga wala kumtukana. Alikaa kwenye ngazi ya kabini akipiga hesabu kwa sauti: lita ngapi, dola ngapi, nani atakatwa. Atakatwa konvwayeri sehemu, na shofere sehemu. Patroni ameshasema mzigo ndio wake, na usiku ni wao.

Kabla ya saa mbili akaja jirani, mwalimu, mtu mpole sana. "Papa karani, mimi si mtu wa kugombana. Usiku mtoto alikuwa na homa. Nimeita pikipiki, pikipiki haikuweza kupita kati ya ukuta wangu na kamiyo yenu. Nimembeba mgongoni mpaka barabarani." Nilimwomba radhi. Nilitaka kumwambia tutayahamisha, lakini kuyahamishia wapi? Mbele ya ukuta wa nani?

Ijumaa, 11 Oktoba

Leo wamekuja vijana wawili na kitabu cha risiti. Ofisi yao naijua, nayo siiandiki humu. Kila lori lililolala nje linadaiwa kodi ya maegesho. Shofere mmoja mzee, Mnande wa kutoka Lubero, mtu ambaye hajawahi kukataa kulipa kitu mbele yangu, akaichukua risiti, akavaa miwani, akaisoma hadi chini, halafu akasema kwa adabu kabisa: "Mwanangu, nitalipa. Nionyeshe kwanza hayo maegesho." Kijana akanyoosha kalamu akaonyesha mtaro.

Tulicheka wote, hata mwenye kitabu. Kisha tukalipa.

Nimeiwaza jioni nzima. Pesa ya FONER kwenye kituo cha ushuru wa barabara madereva hawaigombei, wananung'unika tu, maana mfuko huo uliundwa mwaka 2008 kwa ajili ya kutengeneza barabara na barabara wanaipita, japo ina mashimo. Za njiani nyingine ndizo zinazowachoma. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani Kivu Kaskazini na Kivu Kusini wakapata 798. Kwenye mikoa miwili tu! Karibu mia nane ya mahali ambapo mtu ana mamlaka ya kukusimamisha, mchana au usiku, kwa kamba, kwa mti, kwa bunduki. Lakini mwulize shofere yeyote ni wapi kwenye barabara hizo aliposimamishwa na mtu anayesema: zima injini, lala, mimi nitakesha.

Jumapili, 13 Oktoba

Hakuna kupakua leo. Nimekula lituma na makayabu kwa mama wa malewa aliye ng'ambo ya depo, pamoja na shofere wa Kasese, yule Mganda anayeleta saruji. Yeye ameendesha kutoka Mombasa mara nyingi na anapenda kulinganisha.

Anasema Kenya nako usidhani ni peponi, lakini Mlolongo na Salgaa dereva anajulikana ni nani. Mji umekua kwa sababu yake: kuna viwanja vya kulipia vyenye ukuta na taa, kuna bafu, na pale Mlolongo kuna kliniki ya madereva ndani ya kontena la buluu, ya North Star, inayofungua jioni kwa sababu jioni ndipo wagonjwa wake wanapofika. Nikasema kliniki ya namna hiyo tungeihitaji hapa mwaka huu kuliko wakati wowote, na mpox hii. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti. Madereva wetu wanalala wanne kwenye mkeka mmoja, wanachangia beseni moja la kuogea, na mwenye kipele hana wa kumwonyesha zaidi yangu mimi, karani.

"Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022," akaniambia, "mimi nikafikiri sasa hata choo kitaingia."

Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Usiku anaolala vizuri kuliko yote katika safari nzima ni ule wa kwenye geti la Epulu. Mtu angetarajia aone kero, kufungiwa msituni hadi asubuhi. Yeye anasema hapana. Pale malori yanajipanga yote pamoja, geti limefungwa mbele, kuna askari wa hifadhi wanaozunguka, na hakuna atakayekugongea usiku akuambie sogea. Geti limewekwa kwa ajili ya wanyama. UNESCO, ambayo ina hifadhi hiyo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997, ndiyo iliyokuwa ikidai barabara ifungwe usiku, ili majangili wasisafirishe nyama na pembe gizani. Na kweli pale pana historia mbaya: tarehe 24 Juni 2012 kundi lenye silaha la Morgan liliivamia Epulu, likaua watu, likaua na okapi waliokuwa wakitunzwa kituoni, 14 kwa jumla.

"Okapi amepewa saa zake za kulala," akasema akijichokonoa meno. "Mimi naegesha kwenye kivuli chake."

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Simu kutoka Bafwasende: malori yetu mawili yako nyuma ya bariyeri ya mvua, huenda kesho, huenda kesho kutwa. Simu ya pili, ya shofere huyohuyo: ametuma konvwayeri anunue kuni. Simu ya tatu ilikatika.

Nikiwa peke yangu ofisini nimekumbuka masimulizi ya babu kuhusu misafara ya Waungwana waliofika hapa kwenye maporomoko. Mkubwa wao, Tippu Tip, alifanywa wali wa hapa mwaka 1887, na watu wake walikuwa wakatili, sina haja ya kuwapamba. Lakini msafara ulikuwa na kambi. Jioni ilipokaribia walijua watalala wapi, nani anachota maji, nani yuko zamu. Sisi tuna simu zenye ramani, na saa kumi na moja jioni tunaulizana.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimepata parseli. Yaani nilidhani nimepata.

Mama mmoja mjane, nyumba ya sita kutoka kwetu, ana kiwanja kirefu chenye ukuta na mwembe katikati. Tumepatana faranga kwa usiku, malori mawili, yeye mwenyewe anafunga geti na mwanawe ndiye sentineli. Ukuta ule una hadithi yake: wa zamani ulibomolewa na kombora wakati wa vita ya siku sita, Juni 2000, Waganda na Wanyarwanda walipopigana ndani ya mji wetu, na huu wa sasa ameujenga tofali kwa tofali. Karatasi zake za fidia anazo kwenye bahasha ya plastiki, na tarehe anazijua kunizidi: Mahakama ya Kimataifa ya Haki, 9 Februari 2022, Uganda ilipe dola milioni 325.

Lori la kwanza kuingia lilikuwa la yule wa Kasese, na saruji yake yote. Akarudi kinyumenyume vizuri, konvwayeri akimwelekeza kwa kupiga ubavu wa bodi kwa kiganja, pa-pa-pa, pa. Gurudumu la nyuma lilipofika karibu na mwembe, ardhi ikafanya mlio kama mtu anayevunja muhogo mkavu. Lilikuwa shimo la choo cha zamani, lililofunikwa kwa miti na udongo miaka mingi. Lori likainama upande mmoja, likakaa.

Kimya. Harufu. Mama akatoka na kanga yake, akazunguka lori zima, akasoma namba za usajili, akamtazama shofere.

"Ninyi Waganda! Mara ya kwanza ukuta. Leo choo."

Shofere akapiga goti kama kwao wanavyowasalimu wakubwa, mwanamume mzima, kitambi na yote, na mama akashindwa kuzuia kicheko. Tumeshusha saruji mfuko kwa mfuko kwa mikono hadi saa nne usiku ili lori liwe jepesi, na lingine likalivuta. Hakuna mfuko uliopasuka. Patroni anauliza nani atalipa choo. Nimemwambia ni sisi. Mama ameshasema biashara ya malori basi, na siwezi kumlaumu: kiwanja cha nyumba kimejengewa watu, sufuria na kuku. Hakikujengewa tani thelathini.

Jumatano, 23 Oktoba

Rais yuko mjini. Umati umejaa tangu asubuhi, sare za chama, ngoma, pikipiki zenye matawi. Anahutubia, na redio ya jirani inasema anataka katiba iguswe. Watu watabishana juu ya hilo hadi Krismasi.

Sisi hatukungoja kuambiwa tuondoe malori barabarani. Jumatatu usiku patroni alipiga simu zake mbili tatu, na kufika Jumanne mchana tulikuwa tumefunguliwa uwanja wa kampuni moja ya mbao iliyosimamisha kazi, si mbali na mto. Nimeingia kwa miguu kabla ya malori. Sakafu ya changarawe iliyoshindiliwa, ngumu, ilitengenezwa kubeba magogo. Ukuta pande tatu. Bomba la maji ambalo bado linatoa. Vyumba viwili vya choo. Nafasi ya malori thelathini, na hayatagusana vioo.

Miaka yote hii tunalala mtaroni, na mahali hapa palikuwa pamefungwa kufuli! Na si hapa peke yake. Mji huu ulikuwa na viwanda, maghala ya kahawa, karakana za mto na reli. Kuta zimesalimika kuliko biashara zenyewe. Ardhi ya kulaza malori tunayo. Kinachokosekana ni mtu atakayesaini kwamba usiku huu, kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza, kikipotea kitu aulizwe yeye.

Usiku huu wamelala huko. Konvwayeri wa Oicha hakufunga uzi kidoleni.

Jumatatu, 28 Oktoba

Uwanja umefungwa tena tangu Ijumaa, malori yaliyokuwemo yamerudi kwenye mstari wake. Mwalimu amenisalimia bila kusimama.

Binamu yangu amenitumia sauti kwa WhatsApp kutoka Iowa. Yeye alipitia kambi ya Nakivale, Uganda, miaka mingi, kisha akapelekwa Marekani, na sasa anaendesha lori kubwa kuliko yote yetu. Nilikuwa nimemtumia picha ya mtaro. Nilitegemea anihurumie. Badala yake akaanza kulalamika.

Kwao, anasema, kuna mahali panaitwa Iowa 80, Walcott, pamefunguliwa tangu 1964, pana nafasi ya malori kama 900, pana bafu, daktari wa meno, sinema. Nikasimamisha sauti nikairudia: daktari wa meno. Lakini sheria inampa saa 11 tu za kuendesha, kifaa kilichofungwa kwenye injini kinamhesabia, na akichelewa hadi saa mbili usiku anakuta viwanja vyote vimejaa. Saa zikiisha lazima asimame, nafasi iwepo isiwepo. Basi wanaegesha kwenye michepuko ya barabara kuu, na polisi wanawaamsha.

Akanisimulia pia habari ya Jason Rivenburg. Mwaka 2009 dereva huyo alifika mapema na mzigo wake Carolina Kusini, hakuruhusiwa kuingia kabla ya wakati, akaegesha kwenye kituo cha mafuta kilichoachwa. Akapigwa risasi humo garini. Mwuaji aliondoka na dola saba. Mjane wake, Hope, akahangaika na wabunge hadi mwaka 2012 ikapitishwa sheria yenye jina la mumewe, ya kuitaka serikali ipime upungufu wa maegesho na kuruhusu pesa za barabara zijenge viwanja. Binamu anasema viwanja bado havitoshi.

Nilichokisikia mimi si kwamba nao wana shida. Ni kwamba kwao shida hiyo ina jina, na mahali pa kuandikwa. Pesa za barabara zimekubaliwa kuwa ni pesa za usingizi pia. Hapa shofere akilala vibaya ni jambo lake na Mungu wake, hadi atakaposinzia kwenye mteremko wa kuelekea darajani na soko likiwa limejaa.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimemfuata mlinzi wa uwanja wa mbao, naye akanipeleka kwa mwakilishi wa mwenye mali, mzee mmoja anayekaa Makiso, mwenye adabu za kizamani. Amenikaribisha chai. Kukodisha hakatai. Anataka miezi mitatu mbele, na karatasi inayosema yeye hahusiki na chochote kitakachotokea ndani ya ukuta.

Nikampigia patroni papo hapo. Patroni anataka kulipa kwa usiku, lori kwa lori, na karatasi inayosema mwenye uwanja anahusika na kila kitu kitakachotokea ndani ya ukuta.

Nimeongea na makarani wengine wa barabara hii, watu wa chumvi, wa maharage, wa mbao. Watano wako tayari tuchange: sentineli wanne kwa zamu, taa ya sola kila pembe, daftari la kuingia na kutoka ambalo dereva anasaini na sentineli anasaini. Kikipotea kitu wakati daftari liko mikononi mwa sentineli, mfuko wa mchango unalipa, na mzee wa Makiso haguswi. Mwenzetu wa chumvi ameuliza kama wale wa kitabu cha risiti watatufuata ndani ya ukuta. Watatufuata, nikamwambia. Angalau humo tutakuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Nimeandika masharti kwa mkono, ukurasa mmoja. Yule kijana wa Oicha alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Akauliza kama nimeandika habari ya maji, kwamba bomba lisifungwe usiku, kwa sababu wao wanafika usiku. Ni sharti la kwanza, juu ya bei. Akaomba asome mwenyewe. Akasoma, akidokoa kila neno kwa kidole, akasema kwenye "sentineli wanne" niongeze "wasiolewa".

Nimeongeza. Mzee wa Makiso ananitegemea Jumatatu saa tatu, na malori mawili ya Bafwasende yamepiga simu: bariyeri imepandishwa, yanakuja na wenzao tisa.